Maswali na majibu: Mfumo mnao, mwanafunzi yuko wapi?

Tumeikabidhi kampuni ya nje kazi ya kuendesha mitambo yetu ya kompyuta, na tumenunua mfumo wa pamoja wa kuhifadhi maarifa. Mbona mwaka umeisha na watu wetu hawajajifunza kitu?

Swali hili naletewa kila mara, na kila mara muulizaji hasemi ni nani kwake anayeusoma huo mfumo. Fungua tiketi, yaani rekodi za matatizo yaliyoripotiwa, za mwezi uliopita. Nyingi zitakuwa na maneno mawili: "Tatizo limetatuliwa." Lakini fundi aliyelitatua alijua mtambo upi uzimwe kwanza na upi usubiri, maana aliwahi kukosea akakesha. Hilo halikuandikwa popote. Mpeleke mtu wako akae naye bega kwa bega, kisha huyo wako ndiye aandike. Na kama mliwapunguza mafundi wenu wote siku ya kutia saini mkataba, hakuna aliyebaki wa kufundishwa.

Badala ya kukaa bega kwa bega, mikutano ya video inatosha?

Kwa waliokwisha kufanya kazi pamoja, ndiyo. Kwa wageni, haitoshi.

Tukitumia programu moja ya usanifu na wabia wetu, si tutaelewana?

Mtaangalia mchoro mmoja, basi. Boeing na wabia wake wa ndege ya 787 walisanifu kwa programu moja. Hata hivyo sehemu zilifika kiwandani zikiwa na kazi nyingi ambayo haijakamilika, na ndege iliyotarajiwa 2008 ikakabidhiwa mteja wa kwanza Septemba 2011. Njiani, mwaka 2009, Boeing ilikinunua kiwanda cha mbia mmoja huko South Carolina. Programu ilionyesha umbo la kipande. Haikuonyesha kama anayekitengeneza anaiweza kazi.

Tunamfuatilia mbia wetu dakika kwa dakika kwa dashibodi, yaani skrini inayoonyesha hali ya kazi yake. Tufanye nini zaidi?

Niambie kwanza: taa nyekundu ikiwaka, mnampigia simu kuuliza kilichotokea au mnamkata malipo? Mkimkata, atajifunza kuificha nyekundu. Atafunga tiketi mapema na kufungua nyingine, na nyinyi mtapongezana kwa namba nzuri huku kosa lile lile likirudi. Tengeni kikao cha kuchambua makosa ambacho hakihusiani kabisa na faini. Na ingawa hukuuliza: hakikisha mkataba unasema kumbukumbu zote za mfumo mnaoutumia pamoja ni mali yenu, na mtakabidhiwa zikiwa zinasomeka siku mtakapoachana. Nimeona kampuni ikiachiwa nywila peke yake.