Maswali ya wasomaji: Usikate ukingo wa picha, hata kama kuna gari bovu

Toleo lililopita niliandika vijimistari viwili vitatu tu, kwamba mwenye picha za zamani za treni na stesheni za Uingereza azitoe kabatini wenzake wazione, nikajua yamepita. Wapi! Barua zimemiminika mpaka mhariri akaniuliza umewafanya nini hawa watu. Nyingi zinatoka kwa wenzetu wanaoishi huko huko Uingereza, wengine wamerithi maboksi, wengine wamenunua mnadani, na wengine wameoa au kuolewa kwenye familia za watu wa reli. Nimechagua tano.

SWALI: Shikamoo mzee. Nimeolewa huku Crewe na baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa reli na alipenda kamera kuliko chakula. Ameacha boksi la viatu lina picha zaidi ya mia, vichwa vya treni za mvuke vitupu, nyingi hazina neno nyuma, chache zina muhuri wa jina la mtu mwingine. Mume wangu anasema ziweke tu mtandaoni, ni zetu. Ni zetu kweli? (Mkwe, Crewe)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Karatasi ni zenu, hilo halina ubishi, ila karatasi ni kitu kimoja na hakimiliki ni kitu kingine, na watu wengi wanajikwaa hapo hapo. Kwa sheria ya Uingereza haki ya picha inaanzia kwa aliyeipiga na inadumu miaka 70 baada ya mwaka aliokufa. Kwa hiyo zile alizopiga mzee mwenyewe kwa kamera yake, siku zake za mapumziko, haki imeingia kwenye urithi, na kama mume wako ndiye mrithi basi yuko sahihi, wekeni. Kama kuna aliyopiga akiwa kazini, yaani kutumwa na mwajiri ilikuwa ndiyo kazi yake, hiyo ni hadithi nyingine, haki inakwenda kwa mwajiri.

Sasa zile zenye muhuri. Wapenzi wa treni wa zamani walikuwa wananunua na kubadilishana picha kama watoto wanavyobadilishana gololi, kwa hiyo boksi la mtu mmoja unakuta ndani yake macho ya watu kumi. Muhuri ukiwa na jina, anza na hilo jina. Chukua mfano wa Eric Treacy, askofu wa Wakefield, mmoja wa wapiga picha wa treni maarufu kabisa nchini humo. Alifariki 1978 akiwa stesheni ya Appleby anasubiri treni ya mvuke aipige picha (mimi nikiambiwa nichague pa kufia sijui kama ningepata pazuri kuliko hapo). Alikufa 1978, hesabu 70, picha zake zinalindwa mpaka mwisho wa 2048. Ukikuta picha ya mtu kama huyo kwenye boksi huwezi kusema ni ya zamani basi ni ya wote.

Na ambazo hujui kabisa kapiga nani? Tafuta kwanza, kwa nia, na weka kumbukumbu ya ulikotafuta. Ukikwama, tangu 2014 ofisi ya serikali ya hakimiliki na hataza ya Uingereza inatoa leseni ya kutumia kazi ambayo mwenyewe hapatikani, leseni yenyewe ni ya ndani ya Uingereza tu na haizidi miaka saba. Kwa boksi la familia pengine utaona ni safari ndefu, sawa, ila usije ukabandika jina la baba mkwe kwenye picha ya mtu mwingine kisa ilikuwa kwenye boksi lake. Hiyo ndiyo inayoudhi watu kuliko yote.

SWALI: Mzee habari. Nilinunua picha moja mnadani hapa Leicester, kichwa cha treni ya mvuke kimesimama stesheni, namba yake inaanzia 45 na ina tarakimu tano. Nataka kuiweka mtandaoni ila sijui niandike mwaka gani. Kulia kuna gari limekaa vibaya na ndoo za taka, nimeshakata hiyo sehemu picha ipendeze. (Msomaji, Leicester)

JIBU: Kwanza rudisha hiyo sehemu uliyokata! Nitakuambia kwa nini, subiri.

Namba inakusaidia sana. Kabla ya 1948 reli kubwa za Uingereza zilikuwa mikononi mwa kampuni nne, GWR (Great Western), LMS (London, Midland and Scottish), LNER (London and North Eastern) na Southern, zilizotokana na kuunganishwa kwa kampuni lukuki mwaka 1923. Tarehe 1 Januari 1948 serikali ikazitaifisha, likazaliwa shirika la British Railways, na hapo namba zikawa zinagongana manake kila kampuni ilikuwa na yake. Dawa ikawa kuongeza: vichwa vya Southern vikaongezewa 30000, vya LMS 40000, vya LNER 60000. Vya GWR vikaachwa na namba zao, kwa sababu zilikuwa kwenye mabamba ya shaba ya kumiminwa, kuyabadilisha yote ni gharama. Kwa hiyo 45 yako ni kichwa cha asili ya LMS, na picha ni ya 1948 kuja huku.

Halafu angalia ubavuni mwa behewa la makaa. Ukiona simba kasimama juu ya gurudumu, hiyo nembo ilianza 1949. Ukiona simba anatokea kwenye taji kashika gurudumu mikononi, ni kuanzia 1956. Ila usiapie, rangi ilikuwa haipakwi kila mwaka na simba wa kwanza aliendelea kuonekana miaka mingi kwenye vichwa vilivyosahaulika. Ubavuni mwa kibanda cha dereva kukiwa na mstari wa njano umekatiza kwa mshazari ni 1964 au baadaye, mstari huo ulimaanisha kichwa hiki kisipite chini ya nyaya za umeme kusini ya Crewe. Kwenye mlango wa duara wa mbele, chini kabisa, kuna kibamba kidogo cha umbo la yai, hicho ni cha depo kinakolala, kama 5A ni Crewe North, 34A ni King's Cross ya London. Hata taa zinasema, taa mbili juu ya bafa (vile visahani vya mbele vya kupokea mgongano), moja kila upande, ni treni ya haraka ya abiria, taa moja juu mbele ya bomba la moshi ni ile inayosimama kila kituo. Huko Southern taa zilitumika kuonyesha njia badala ya aina ya treni, kwa hiyo usichanganye.

Na mwisho wa mvuke kwenye njia kuu za shirika hilo ni Agosti 1968, tarehe 11 treni ya kuaga ilitoka Liverpool mpaka Carlisle. Watu wengi wakiona moshi wanaandika kabla ya 1968, bila kujua kwamba vichwa vilivyohifadhiwa vilirudi njia kuu tangu 1971, na Flying Scotsman, kichwa maarufu cha LNER, kiliendelea kukimbia hata baada ya Agosti 1968, mwenyewe alikuwa na mkataba wake.

Sasa gari. Kuanzia 1963 namba za magari Uingereza zilianza kuwekwa herufi ya mwaka mwishoni, A ni 1963, B 1964, C 1965, na mpaka 1965 sehemu zote zilikuwa zimeshaingia. Hilo gari unalolidharau likiwa na C mwishoni, picha haiwezi kuwa kabla ya 1965, na kichwa kikiwa bado kinafanya kazi basi umebanwa kati ya 1965 na 1968, miaka mitatu minne tu! Kichwa chenyewe kisingekupa hiyo. Nakuambia kwa uchungu kwa sababu niliwahi kufanya huo huo ujinga, nikakata gari na bango la matangazo nikatupa na picha yenyewe nikabaki na faili iliyokatwa, akaja mzee mmoja akaniuliza hapo pembeni palikuwa na nini, nikakosa jibu mpaka leo. Kwenye picha ya treni kichwa watu wanakijua, kimepigwa picha mara elfu. Taka, mabango, nguo za abiria, tangazo la chai ukutani, ndivyo hakuna mwingine aliyevipiga siku ile.

Ukiandika maelezo sema unachojua na umejuaje. "1965 au baadaye, kwa sababu ya gari kulia" ni bora mara kumi kuliko "1966" tupu.

SWALI: Nina programu ya akili mnemba kwenye simu inapaka rangi picha nyeusi na nyeupe. Nimepaka picha 30 za stesheni na treni zimetoka bomba. Kuna mtu kanitukana. Kosa langu nini? (Kijana, London)

JIBU: Kukutukana kakosea. Ila hata mimi sipendi, acha nikuambie kwa nini.

Programu haijui, inabahatisha, na kwenye treni za Uingereza rangi haikuwa urembo, ilikuwa kitambulisho. Hiyo Flying Scotsman niliyoitaja ilikuwa ya kijani cha tufaha enzi za LNER, vita vikaja ikapakwa nyeusi, baada ya utaifishaji ikawa bluu, halafu ikarudi kijani lakini kijani kingine cha giza. Kichwa kimoja hicho! Vichwa vya LMS vilivyochongwa kama risasi vya 1937 vilianza na bluu yenye mistari ya fedha, vilivyofuata vikatoka vyekundu na mistari ya dhahabu, na kwenye nyeusi na nyeupe vyote ni kijivu. Hata vibao vya majina ya stesheni vya baada ya 1948 vilikuwa na rangi ya kanda: kahawia magharibi, kijani kusini, damu ya mzee kanda ya London Midland, bluu iliyokoza mashariki, chungwa kaskazini mashariki, bluu ya angani Scotland. Programu yako ikikupakia kibao cha Scotland rangi ya chungwa, mtu anayeikuta baada ya miaka mitano akiwa hajui ni ya kupaka atasema kumbe vilikuwa chungwa, na uongo umeshazaa.

Ukitaka kupaka paka, ila weka na ile ya asili pembeni yake, na uandike kabisa kwamba rangi ni ya kubuni.

SWALI: Mzee, kwenye albamu ya jirani yangu kuna picha imeandikwa Euston, inaonyesha lango kubwa la mawe lenye nguzo nne kama hekalu. Mimi napita Euston kila siku kwenda kazini, sijawahi kuliona. Kaandika vibaya? (Mpita njia, London)

JIBU: Hajakosea hata kidogo, wewe ndiye umechelewa kuzaliwa. Hilo ni lango la Euston, lilijengwa 1837 na likabomolewa mwishoni mwa 1961 kuingia 1962 watu wakipiga kelele ili lisibomolewe, wapi, likaenda. Stesheni mpya unayopita wewe ilifunguliwa 1968. Mawe yake mengi yalikuja kugundulika miaka ya tisini yametumika kuziba shimo kwenye mfereji mashariki mwa London. Kelele hizo hazikupotea bure lakini, tembea kidogo tu hapo jirani ukaione St Pancras ya 1868, paa lake linavuka mita 73 bila nguzo hata moja katikati, nayo ilitakiwa ife miaka hiyo hiyo ya sitini, ikawekwa kwenye daraja la juu la majengo ya kulindwa mwaka 1967. Sasa mwombe huyo jirani kwa heshima akuruhusu uiskani picha, na umuulize kapiga nani na lini kabla hajasahau. Hiyo ya kuuliza ifanye wiki hii.

Na wewe na wengine mnaotafuta stesheni zisizoonekana tena, mkumbuke ripoti ya 1963 ya Beeching, mwenyekiti wa shirika la reli, ilipendekeza kufungwa stesheni 2,363, nyingi zikafungwa kweli. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni bure ramani za zamani za Uingereza, unaweza kuweka ya zamani juu ya ya leo ukaona reli ilipita kwenye bustani ya nani.

SWALI: Nimeskani negativu za marehemu mjomba, moja kila mtu anasema ni ya uongo kwa sababu namba ya kichwa haisomeki. Pia boksi linanuka siki. (Mpwa, York)

JIBU: Sio ya uongo, umeiskani kinyume. Igeuze, namba itasomeka, na treni itahamia njia ya kushoto inakotakiwa kuwa Uingereza. Harufu ya siki ndiyo mbaya: filamu inaoza, na inaambukiza zingine, kwa hiyo zinazonuka zitenge leo, ziweke pahali pa baridi na pakavu, na uziskani kwanza kabla ya zilizo nzima. Negativu za mm 35 skani kwa nukta 3200 kwa inchi au zaidi, picha za karatasi nukta 600 zinatosha, faili kubwa ya TIFF utunze, JPEG ndiyo ugawe. Zile za kabla ya miaka ya hamsini zisizo na neno SAFETY ukingoni zinaweza kuwa za naitreti, zinashika moto vibaya sana, hizo usizipashe joto wala usizirundike ndani, piga simu makumbusho. Na kwenye makumbusho una bahati, ya taifa ya reli iko hapo hapo York.