Jibu: Roketi ndogo inatoka na ukungu kwenye picha

Ndugu, umeuliza kwa nini roketi za mfano mnazorusha na wanafunzi hapa Goma zinatoka na ukungu kwa 1/250 ya sekunde. Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, hapo ni ya polepole mno. Anzia 1/2000, ukipata mwanga nenda 1/4000, na upandishe ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga) bila woga, chengachenga zitakazoonekana kwenye picha zinavumilika. Fokasi iwe ya mkono: ilenge ncha ya roketi ikiwa bado kwenye fimbo yake ya kurushia, kisha usiguse tena pete ya lenzi. Acha nafasi kubwa juu ya roketi ndani ya picha. Tena ardhi yetu ya lava ni nyeusi; kamera ikijipimia mwanga yenyewe, picha inazidi mwanga na moshi mweupe unabaki doa jeupe tupu. Weka kiasi cha mwanga wa kamera kwa mkono, ukikipima kwa kuielekeza angani. Piga mfululizo kuanzia mnapohesabu "moja", usingoje kuiona ikiruka.