Kotabeki akizeeka, kinatangulia nini kuisha?

Ndugu, umeuliza kama kwa kotabeki, yaani mrushaji mkuu wa pasi katika mpira wa Kimarekani, kinachotangulia kuisha ni mkono. Mara nyingi ni miguu na kiuno. Nguvu ya kurusha inaanzia chini: anakita mguu, anazungusha nyonga, mkono unamalizia tu. Kiuno kikikaza, mpira unaelea hewani na beki wa wapinzani anapata ile nusu sekunde ya kuuwahi.

Mtazame Peyton Manning. Mwaka 2013, akiwa na miaka 37 na shingo iliyokwishapasuliwa, alirusha pasi 55 za tachidauni (bao la kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani), rekodi ya msimu mmoja. Novemba 2015 dhidi ya Kansas City alirusha pasi 20, zikafika kwa wenzake 5, zikanaswa na wapinzani 4, akaketishwa benchi. Na siku hiyohiyo ndiyo alivunja rekodi ya jumla ya yadi za pasi katika maisha ya mchezaji! Msimu ule alibeba Super Bowl, fainali ya ligi, ingawa tuseme ukweli, ulinzi wa timu yake, Denver, ndio uliombeba yeye.

Kotabeki Brett Favre naye: 2009, miaka 40, tachidauni 33 na pasi 7 tu zilizonaswa. Msimu uliofuata, tachidauni 11 na zilizonaswa 19. Hawashuki ngazi kwa ngazi hawa, wanaporomoka.

Kotabeki Tom Brady aliokolewa na kichwa. Mwaka 2021, na miaka 44, aliongoza ligi kwa yadi 5,316, kwa kuwa alisoma ulinzi mapema na kuachia mpira kabla hajaguswa. Mbio hakuwa nazo tangu ujana, kwa hiyo hapo uzee haukukuta cha kumnyang'anya.