Uanze na glasi ipi unapoonja bia

Ndugu, umeuliza uanze na glasi ipi utakapoletewa sinia la bia za kuonja katika kiwanda kidogo hapa Nairobi. Anza na laga, ile bia nyepesi ya kawaida, au bia ya ngano, kisha uende kwenye IPA, ile bia yenye uchungu mwingi, na stauti, ile bia nyeusi nzito, uiache mwisho, kwa kuwa uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia) na ladha ya shayiri iliyokaangwa hubaki ulimini, na bia nyepesi ikifuata baada yake utaiona kama maji matupu hata ikiwa imetengenezwa kwa ustadi mkubwa. IPA ikiwa chungu mno kuliko stauti, hiyo ndiyo uinywe mwisho.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni baridi. Wahudumu wetu huuliza kama unataka bia moto (yaani isiyotoka kwenye friji) au baridi, na wengi hujibu baridi bila kufikiri, ilhali baridi kali huifisha harufu, na bila harufu ladha nyingi hupotea. Iache stauti mezani kama dakika kumi, uizungushe taratibu ndani ya glasi, kisha uinuse kabla ya kunywa: ile harufu ya kahawa na chokoleti kwa kawaida hutokana na nafaka zilizokaangwa hadi zikawa nyeusi. Ukungu wa bia ya ngano nao usikutie wasiwasi, kwani ni protini ya ngano pamoja na chachu isiyochujwa. Kunywa maji baina ya glasi moja na nyingine, na gari uliache nyumbani, maana glasi hizo ndogo zikijumlishwa huweza kupita chupa nzima.