Jibu: Msiiuze hiyo E-flati

Mkuu, umesema kamati ya bendi yenu inataka kuuza tuba (tarumbeta kubwa la besi) moja ya E-flati kwa sababu B-flati mbili, zile tuba kubwa zaidi za sauti ya chini zaidi, zinatosha kwa besi. Ngojeni kwanza.

Nimepiga E-flati miaka sita kwenye bendi ya kijiji huko Yorkshire, Uingereza. Kule bendi kamili ina tuba nne: E-flati mbili, B-flati mbili. Mara nyingi tunapiga kitu kilekile, wenzetu wa B-flati wakiwa oktava moja chini (noti ileile, sauti nzito zaidi). Usiku mmoja wa theluji sisi wa E-flati wote tulichelewa mazoezi. Nikasimama mlangoni kusikiliza. Ngurumo ilikuwepo, sakafu inatetemeka, lakini hujui ni noti gani, na koneti, zile ndogo kama tarumbeta zinazobeba wimbo, zinapanda sauti polepole kwa kukosa pa kuegemea. Tulipokaa na kuanza kupiga, ile ngurumo ikawa wimbo. Sikio hushika kwa shida noti za chini kabisa; E-flati ndiyo inayozionyesha.

Halafu kuna pumzi. B-flati inakula pumzi vibaya mno. Kwenye noti ndefu jirani yangu wa B-flati alikuwa ananigusa goti, anavuta hewa, mimi nabaki nimeshikilia. Msikilizaji hajui kitu.

Kuhusu kusoma: mimi nimekulia kwenye matarumbeta ya Kilutheri, ufunguo wa besi (ufunguo ni alama ya mwanzo wa mistari inayosema kila noti ni ipi). Yorkshire nikapewa karatasi ya ufunguo wa trebo, ule wa sauti za juu. Palipoandikwa C nikatoa C niliyoizoea, kumbe inatakiwa isikike E-flati. Kiongozi akasimamisha bendi nzima! Mzee mmoja akanirithisha ujanja: jifanye ni ufunguo wa besi, ongeza flati tatu (alama za kushusha noti) mwanzoni. Shapu (alama za kupandisha noti) na flati za katikati ya wimbo ndizo zitakazokusumbua. Waingereza wanaandika hivyo ili aliyeanza na koneti ahamie tuba kwa vidole vilevile.

Iangalieni yenu vizuri. Kama ina valvu nne (vitufe vya kubonyeza kwa vidole), ya nne ikiwa ubavuni kwa mkono wa kushoto, na vijimirija vya ziada nyuma ya valvu, huo ni mfumo wa David Blaikley wa 1874, unaorekebisha noti za chini zisipande. Mtaiuza mara moja, kuipata tena ni kazi.

Na hiyo B-flati ya pili, ina mpigaji kweli au imekaa stoo?