Wasomaji Wauliza: Bingwa Asiyeshinda Hatua Hata Moja

SWALI: Mhariri, mjomba wangu anashikilia kwamba Chris Froome alitwaa mashindano ya baiskeli ya Tour de France ya mwaka 2017 bila kushinda hatua hata moja. Mimi naona haiwezekani mtu kuwa bingwa wa mashindano ambayo hakuna siku aliyotangulia kuvuka mstari. Tafadhali tuamulie.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mjomba wako amesema kweli, na Froome hakuwa wa kwanza kupata ushindi wa namna hiyo, kwani Greg LeMond wa Marekani aliupata mwaka 1990, na Egan Bernal wa Kolombia akafuata mwaka 2019.

Mashindano haya yana hatua 21 zinazopangwa katika muda wa wiki tatu, na kila hatua ina mshindi wake, zawadi yake na sherehe yake. Ubingwa wa jumla, hata hivyo, hautolewi kwa kuhesabu ushindi wa siku. Muda ambao kila mwendesha baiskeli ameutumia tangu hatua ya kwanza hujumlishwa, na yule mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye huvaa jezi ya njano. Jezi hiyo inaweza kubadilisha mwenyewe kila jioni, lakini inayobaki katika kumbukumbu ni ile inayovaliwa baada ya hatua ya mwisho.

Penye kukanganya zaidi ni hapa. Siku ya tambarare, kundi kubwa likifika mjini kwa pamoja, wote waliomo hupewa muda ule ule, awe yule aliyeshinda kwa upana wa tairi au yule aliyeingia wa hamsini akiwa ameketi kwa utulivu. Wa kwanza hupunguziwa sekunde 10, wa pili 6 na wa tatu 4, basi. Ndiyo maana Mark Cavendish wa Uingereza, mwenye rekodi ya ushindi wa hatua 35 aliyoifikisha mwaka 2024, hakuwahi hata kukaribia ubingwa wa jumla: alikuwa bingwa wa mita mia mbili za mwisho, na milimani alipoteza dakika nyingi kuliko sekunde zote alizowahi kuzipata.

Mwaka 2017 mambo yalikuwa kinyume chake. Ilipobaki siku moja kabla ya kuingia Paris, Froome alikuwa akimtangulia Rigoberto Urán wa Kolombia kwa sekunde 29 tu, na kati yao alikuwepo Mfaransa Romain Bardet aliyekuwa nyuma kwa sekunde 23. Siku hiyo, katika mitaa ya Marseille, kila mmoja alitoka peke yake kushindana na saa. Froome alimaliza wa tatu, jambo ambalo kwa mtu anayetafuta ushindi wa hatua lingekuwa hasara, lakini aliongeza tofauti yake na Urán hadi sekunde 54 na ubingwa ukawa wake. Bardet alichoka kiasi cha kushuka hadi nafasi ya tatu, ambayo aliilinda kwa sekunde moja mbele ya Mikel Landa. Kwa maoni yangu, hesabu hiyo ya sekunde ndiyo utamu wenyewe wa mbio hizi, ingawa nakiri kwamba haionekani vizuri kwa anayefungua televisheni dakika tano za mwisho.

Kisa cha Bernal ni cha ajabu zaidi. Hatua ya 19 ya mwaka 2019 ilikatizwa njiani kwa sababu ya mvua ya mawe na maporomoko ya udongo yaliyoziba barabara ya kuelekea Tignes. Waamuzi walichukua muda wa kila mtu pale kileleni mwa Iseran, ambako Bernal alikuwa wa kwanza kupita, wakampa jezi ya njano, lakini hatua yenyewe haikuandikiwa mshindi. Kijana huyo wa miaka 22 hakuivua tena jezi hiyo hadi Paris.

SWALI: Naona watu wenye nguvu wanamvuta mwenzao mlimani, kisha wanamwacha aende peke yake. Je, huku si kupanga matokeo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana, kwa sababu mbio za barabarani ni mchezo wa timu, ingawa jina linaloandikwa juu ni la mtu mmoja. Katika Tour de France kila timu huwa na waendesha baiskeli wanane. Hadi mwaka 2017 walikuwa tisa. Adui mkubwa wa mwendesha baiskeli ni upepo, na anayekaa mgongoni mwa mwenzake hupunguziwa kazi kwa kiasi kinachokadiriwa kufikia theluthi. Kwa hiyo timu huchagua kiongozi, na waliobaki humkinga na upepo, hurudi nyuma kwenye gari la timu kumchukulia maji, na gurudumu lake likipasuka mmoja wao humpa lake akabaki kando ya barabara akisubiri msaada. Zawadi ya mshindi wa jumla, ambayo kwa miaka mingi imekuwa euro 500,000, kwa desturi hugawanywa kwa wenzake na wafanyakazi wa timu.

Hata hivyo swali lako lina uzito wake, kwa kuwa utumishi huo huumiza. Mwaka 2012, katika kupanda mlima kuelekea La Toussuire, Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa na David Kinjah na ambaye hadi mwaka 2008 alikuwa akishindana kwa leseni ya Kenya, aliongeza kasi na kumwacha kiongozi wake Bradley Wiggins. Aliamriwa kupitia redio ya sikioni kumsubiri, akasubiri. Wiggins akawa bingwa na Froome akamaliza wa pili, nyuma kwa dakika 3 na sekunde 21. Wapo wanaoamini kwamba Froome ndiye aliyekuwa na miguu bora mwaka huo. Mimi ni mmoja wao, lakini Wiggins alikuwa amejijengea dakika zake katika hatua za kushindana na saa, na timu haikuwa na sababu ya kuzihatarisha. Froome alilipwa mwaka uliofuata, alipofanywa kiongozi na kutwaa ubingwa wa kwanza kati ya minne.

SWALI: Je, Tour du Rwanda hufuata hesabu hiyo hiyo?
Msomaji, Kigali

JIBU: Ndiyo, muda hujumlishwa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba Tour du Rwanda huchukua takribani wiki moja, kwa hiyo aliyepoteza dakika siku ya pili hana wiki mbili za kuitafuta, na katika nchi ya vilima ni vigumu kundi zima kufika pamoja. Wanyarwanda waliifahamu vema hesabu hiyo: Valens Ndayisenga alitwaa ubingwa mwaka 2014 na 2016, Jean Bosco Nsengimana mwaka 2015, Joseph Areruya mwaka 2017 na Samuel Mugisha mwaka 2018. Mwaka 2019 mashindano yalipandishwa daraja, timu kubwa za Ulaya zikaanza kuja na vikosi kamili vya kuwakinga viongozi wao, na kuanzia hapo hadi mwaka 2025 hakuna mwenyeji aliyeshinda.