Amiga 500 na Atari ST: ipi ilikuwa na kasi zaidi?

Hizi zilikuwa kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980. Kwa prosesa peke yake, ni Atari ST, tena kwa tofauti ndogo sana. Zote zilitumia prosesa ya Motorola 68000; ST ilikwenda megahezi 8, Amiga ya Ulaya 7.09 hivi. Ila kwenye michezo Amiga iliiacha mbali, kwa sababu chipu zake za Agnus, Denise na Paula ziliipunguzia prosesa mzigo wa picha na sauti. Kila moja ilikuwa na kazi yake. Kwa kawaida Amiga ilionyesha rangi 32 kwa mpigo kati ya 4,096 ilizoweza kutoa, ST za mwanzo 16 kati ya 512. Mwanamuziki lakini angechukua ST bila kusita: matundu ya MIDI, yaani ya kuunganisha kinanda na vyombo vingine vya muziki vya kielektroniki, yalikuja nayo kutoka kiwandani.